Kilio Alichoniwekea Mama Mwita

Siku shemeji yake Mwita alipokuja kunipa habari za msiba, nilikuwa uani naanua mtama kwa sababu wingu lilikuwa limeshafunga upande wa Ikoma. Aliegemeza baiskeli kwenye mgomba, akanipa shikamoo, akakataa kukaa. Nikajua. Mtu wa kwetu akikataa kiti ana neno zito mdomoni. "Mama Neema," alisema, "Mwita ametutoka jana. Lile tumbo lake." Nikamwambia pole, nikashikilia ungo kwa mikono yote miwili. Lakini alikuwa hajamaliza. "Bibi, mama yake, ana ujumbe wako. Ameurudia mara mbili nisikosee. Anasema, mwambie Robi aje alie. Siku yake imefika, namruhusu." Kisha akaniangalia kama mtu aliyebebeshwa mzigo asioujua. "Mama, samahani. Kwani wewe ulikuwa umekatazwa?"

Nilikuwa nimekatazwa. Nimewalilia watu wengi maishani, wa kweli na wa michezo. Nimelia mbele ya umati Tarime mpaka wenye maduka wakafunga maduka waje kuona kuna nini. Lakini Mwita, ambaye ndiye mtu wa kwanza niliyemlilia mbele za watu, nilikatazwa kumlilia nikiwa bado msichana, na aliyenikataza ni mama yake mzazi, na nikatii mpaka mvi zimeanza kunitoka. Watoto wangu wananijua kama mama wa kwaya, mama wa michezo ya kuimba ya kila Pasaka. Hawajui ilianzaje. Sasa kwa kuwa darasa la jioni limenipa kalamu, na Mwita hayupo tena kuniharibia hadithi kwa utani wake, nitauandika ule mwaka kama nilivyouishi. Ilikuwa miaka ya hamsini. Wazungu bado walikuwa wanatawala, na huku kwetu porini kulikuwa kunaanza tu kufunguka, watu wakishuka kutoka Tarime na ng'ombe zao kutafuta majani.

Mwaka ule nilikuwa nakaa misheni, nyumbani kwa Mwalimu Zakaria, namsaidia mkewe kazi za ndani huku nikijifunza dini. Chumba changu kilikuwa kimepakana na jiko. Ukuta wa katikati ulikuwa wa udongo, haukufika juu, kwa hiyo moshi wote wa Mama Eunike, mke wa mwalimu, ulikuwa unapita kwangu kwanza kabla ya kutafuta mlango. Nililala na moshi, nikaamka na harufu ya furu. Mwalimu na mkewe walikuwa Wajita, watu wa ziwani, na kila aliyetoka kwao alileta furu wakavu kwenye gunia. Mimi Mkurya niliyelelewa kwa maziwa na wimbi, kile kisamaki chenye macho kilinitisha. Mama Eunike alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. "Robi, mle, hatakuuma, yeye ndiye aliyeumwa!" Nilikula nikiwa nimefumba macho. Kufika mwezi wa pili nilikuwa nakula nikiwa nimefumbua, na kufika mavuno nilikuwa nalamba bakuli. Nyumba ile ilinifundisha kwamba kitu cha kigeni hakiwi cha kigeni siku zote.

Ukuta ule usiofika juu ulikuwa na faida yake. Kila lililosemwa sebuleni nililisikia jikoni nikikoroga ugali. Ndivyo nilivyosikia, kabla ya mtu yeyote, kwamba mwalimu ametunga mchezo. Alikuwa anamsomea mkewe, na mahali pa kuimba alikuwa anaimba mwenyewe, sauti ya kike akiibana puani. Ulikuwa mchezo wa kuimbwa mwanzo mpaka mwisho, kitu ambacho huku hakijawahi kuonekana. Mchungaji wa ng'ombe anaitwa Simeoni. Ndama wa mjane mmoja amepotea, Simeoni anaacha ng'ombe zake zizini anakwenda kumtafuta, mvua inamkuta mlimani, anapatikana amepoa kabisa. Wanamleta nyumbani kwenye ngozi ya ng'ombe. Dada yake anamlilia. Halafu dada anaomba, kengele inalia, na Mungu anamrudishia Simeoni pumzi, siku ya Pasaka. "Na dada ni nani?" Mama Eunike aliuliza. "Huyo anayechoma ugali wako sasa hivi," mwalimu akajibu, "maana anatusikiliza badala ya kukoroga."

Simeoni alipewa Mwita, kijana wa Nyansurura aliyekuwa anasoma pale misheni. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa mrefu na kwa sababu, alisema mwalimu, ni kazi ya kulala tu, na kulala Mwita anaweza. Mama yake Simeoni akapewa rafiki yangu Bhoke, msichana mfupi, mnene wa mashavu, ambaye sauti yake ilikuwa kama debe likivutwa kwenye mawe, lakini kwa kuchekesha watu hana mwenzake. Tukamfunga mtoto wa matambara mgongoni ili aonekane mwanamke mzima. Na mpiga litungu alitoka kijijini, mzee asiyebatizwa, mwenye nyuzi zake nane na tabia ya kutema tumbaku pembeni. Baadhi ya waumini walinung'unika kwamba litungu ni la pombe. Mwalimu aliwaambia litungu halinywi.

Mazoezi yalifanyika nje, kwa sababu paa la kanisa lilikuwa linaezekwa upya. Sasa hapo ndipo jambo lilipoanzia. Mwalimu Zakaria alikuwa mtu mwema na msomi, lakini hakuwa mtu wa huku. Kwao ziwani sijui wanafanyaje. Huku kwetu sauti ya kilio ina kazi yake. Inavuka bonde. Mtu akilia hivyo, wa ng'ambo anaacha jembe, anaacha chungu jikoni, anakimbia, haulizi. Sisi vijana tulilijua hilo, lakini tulikuwa tumelewa na ule mchezo. Mwalimu alikuwa ananiambia, "Robi, unalia kama mtu aliyepoteza sindano. Nataka kilio cha kwenu." Alinirudisha mara kwa mara, mpaka nikaona hasira. Nikafumba macho, nikakumbuka siku tuliyomzika bibi yangu, nikafungua koo. Mkono nikauweka kichwani kama wanavyoweka mama zetu. Nililia nikaisikia sauti yangu mwenyewe inakwenda, inagonga kile kilima cha mbele, inarudi. Litungu lilikaa kimya. Mwalimu alifurahi, akatoa ishara niendelee, niendelee.

Tuliwaona kwanza wanawake. Walitoka bondeni wakikimbia, wengine wamefunga nguo kiunoni, wanaitikia kilio changu kwa vilio vyao. Wa kwanza kufika alijitupa chini palepale. Nyuma yao wakaja wanaume na mikuki, maana msiba wa kijana huenda una mtu nyuma yake. Bhoke alipiga kelele, "Siyo kweli! Ni mchezo!" lakini nani atamsikia Bhoke na mtoto wake wa matambara? Na Mwita yuko kwenye ngozi, amefunikwa shuka, hatingishiki. Mwalimu alikuwa amemwonya tangu asubuhi: hata nzi akitua puani, usitingishike, wewe ni maiti. Mwita alikuwa mtiifu siku moja tu katika maisha yake, na siku yenyewe ndiyo ile. Hapo ndipo mama yake alipotokea. Alikuwa kwenye palizi ya wimbi shamba la karibu, jembe bado mkononi. Kuna mtu alikuwa amemkimbilia akamwambia, mwanao yuko kwenye ngozi. Mama Mwita hakulia. Alipita katikati ya watu kama mtu anayepita kwenye majani marefu, akaanguka juu ya lile shuka kwa uzito wake wote.

"Aaah! Mama, unaniumiza!" Shuka likainuka. Watu wakarudi nyuma, mwanaume mmoja akadondosha mkuki. Mwita akakaa, nywele zimejaa vumbi, akaona umati, akaona uso wa mama yake, akasema maneno ambayo Nyansurura nzima iliyarudia miaka na miaka: "Mama, aliyekufa siyo mimi. Ni Simeoni."

Mama yake alimpiga kofi, halafu akamshika uso kwa mikono miwili, akamwangalia jicho moja, akamwangalia jicho la pili. Watu walianza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeogopa sana. Wanaume waliwatukana wenzao waliokimbia polepole. Mimi ndiye niliyeona kwamba Mama Mwita hacheki. Alinigeukia. "Ni wewe uliyekuwa unalia?" Nikasema ndiyo mama, shikamoo. Hakuitikia. Alimshika mwanawe mkono kama mtoto wa kuchunga mbuzi, kijana mrefu vile, akaondoka naye.

Yapasa mjue, Mama Mwita alikuwa amezika watoto wake wote wengine. Mwita ndiye aliyebaki. Hili sikulijua mpaka alipokuja nyumbani kwa mwalimu siku chache baadaye, nami niko jikoni, ugali motoni, ukuta haufiki juu. Alikataa kiti. Alisema anataka kondoo achinjwe, mwanawe asafishwe, kwa sababu amekwisha kuliliwa. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba misheni haiwezi kuchinja kondoo kwa ajili ya jambo kama hilo, sadaka ilishatolewa mara moja ikatosha. Tena akamweleza kwamba hakuna aliyeliliwa, mama, yule aliyeliliwa ni mtu wa kutunga, jina lake Simeoni.

"Jina ni la Simeoni," Mama Mwita akasema. "Mwili uliokuwa kwenye ngozi ni wa nani?"

Nilimsikia mwalimu anasogeza kiti chake.

"Nakuuliza, mwalimu. Wewe umesoma. Kilio kilipopita bondeni kilikwenda kutafuta mtu. Kilikuta mwili gani pale?"

"Mama, Mungu anajua..."

"Mungu anajua, ndiyo. Na mimi ninajua, kwa sababu nimewazika. Basi. Kondoo hutaki. Yule msichana anyamaze. Asiimbe tena habari ya mwanangu, na mwanangu harudi hapa." Akatoka. Mama Eunike aliingia jikoni akanikuta nimekaa chini. Alichukua mwiko mkononi mwangu akaendelea kukoroga.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Kisimani wasichana walinipisha, siyo kwa heshima. Nilimsikia mwanamke mmoja anamwambia mwenzake, tena hakushusha sauti, "Kilio hakirudi kitupu. Subiri mavuno, utaniambia." Mazoezi yaliendelea bila mimi. Bhoke akapewa sehemu yangu na ya kwake, akawa analia upande huu kama dada, anahamia upande ule analia kama mama, mpaka mpiga litungu akamwambia, "Binti, amua nani amefiwa." Nilikuwa najua mwalimu anaupima mchezo wake na ile midomo ya kisimani. Mimi nilikuwa nimegundua kitu ndani yangu siku ile sauti ilipogonga kilima ikarudi. Nilikuwa nimejua kazi niliyoumbiwa, na palepale nikaambiwa ninyamaze. Niliomba kila asubuhi, nikiwa nimepiga magoti kwenye moshi: Bwana, kama sauti hii ni ya kuua, ichukue. Kama siyo, nionyeshe mlango.

Halafu ikaja habari kwamba Mwita ana homa. Mvua zilikuwa zimeanza, kila nyumba ilikuwa na mtu wa homa, lakini homa ya Mwita ilikuwa na jina langu. Shangazi yangu alituma watu wanichukue kabla maneno hayajawa mabaya. Nikawaambia nitakwenda, lakini siyo kwenu kwanza. Nilimuaga Mama Eunike, akanifungia furu kwenye jani la mgomba kama zawadi ya mgonjwa, nikavua viatu nisiharibu kwa matope, nikashika njia ya Nyansurura. Njiani miguu ilikuwa inataka kurudi. Nilikuwa naiimbia tu, polepole, iendelee.

Mama Mwita alinikuta mlangoni kwake. Ndani kulikuwa giza, na nilisikia mtu anakohoa, na kijiko kinagonga bakuli. Nikashukuru Mungu. Anayekula hajafa. "Shikamoo mama." Aliitazama miguu yangu ya matope. "Marahaba. Umekuja kumaliza?" "Hapana mama. Nimekuja kuuliza nifanye nini." Nadhani hakutegemea swali hilo. Wote waliokuja kwake walikuja na majibu. Alikaa kwenye kizingiti, mlango wote ukajaa yeye. Mwisho akasema, "Mdomo uliomlilia, umwite. Simama hapohapo nje. Mwite kwa jina lake, siyo la huyo mwingine. Mwite mpaka aitike. Akiitika, atakula mbele yangu, na mimi nitaona." Sijui kama ni desturi ya mahali popote. Mpaka leo nawauliza wazee, wananiambia hawajaisikia. Nadhani aliitunga palepale, kama mwalimu alivyotunga mchezo wake.

Nikasimama kwenye mvua. Nikamwita. "Mwita!" Kimya. "Mwita eee!" Kimya. Nikaona uso wa Mama Mwita unaanza kubadilika. Nikakusanya koo, lile lile la siku ile, ila safari hii siyo la kulia, la kuita, kama mtu anaita ng'ombe zirudi. "Mwitaaa! Itika, mura, itika kijana!" Ndani kukatokea mguno, kisha sauti imejaa chakula: "Subiri, namalizia ugali!"

Mama yake akainama. Nilidhani analia. Mabega yanatikisika. Kumbe ni kicheko, kimemshika mpaka kinamkaba. "Mpumbavu wewe," akamwambia mwanawe, "unaitwa utoke kaburini unamaliza ugali?" "Mama, kaburini utapata wapi wimbi?" Akaja mlangoni amejifunga blanketi, amekonda, meno nje. Mama Mwita akatoa kibuyu chake cha maziwa ya mgando, akamnywesha mbele yangu kama ndama. Na wale furu, niseme ukweli, mama yake aliwatazama akauliza kama wanauma.

Kabla sijaondoka Mama Mwita alinishika kidole, siyo mkono, kidole kimoja. "Sikia, Robi. Utaimba. Na yeye atarudi huko kwenu kulala kwenye ngozi. Lakini kilio chake usilie tena. Kile nakiweka mimi. Siku yake ikifika nitakuita, uje ulie vizuri." Nikamuuliza, mama, na pale mahali pa kilio kwenye mchezo niweke nini? "Mimi sikusoma," akasema. "Weka kitu kingine."

Nilitafuta kitu kingine njia nzima ya kurudi. Jioni ng'ombe zilikuwa zinarudi maboma yote, na mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwenye zizi anashikilia miti ya kufungia, anangoja. Nikasimama kumwangalia. Nilipofika nyumbani nilimwimbia mwalimu nikiwa bado natiririka maji. Mwalimu alivua miwani, akafuta, akavaa, akasema, "Mimi nilikuwa naandika kilio. Wewe umeleta msiba."

Pasaka watu walijaa mpaka juu ya mawe. Walikuja kwa ajili ya ule mkasa, tusidanganyane. Walikuja kuona kama Robi atamlilia mtoto wa watu tena. Mwita akaletwa kwenye ngozi. Nilisikia wanawake wanavuta pumzi. Mimi sikuweka mkono kichwani. Nilikwenda mpaka kwenye miti miwili tuliyoichimbia kuwa zizi, nikashika ule mlango, nikaimba bila litungu, kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake: *Ng'ombe zimerudi, ndugu yangu. Zizi liko wazi. Mti huu ni mzito kwangu, ulikuwa unaufunga wewe. Nifunge nani akiwa nje? Nifunge nani akiwa ndani?* Basi. Ni hayo tu. Umati ule wa wafugaji, kila mtu aliyewahi kubaki peke yake na zizi jioni, ulikaa kimya nikasikia nyuki. Wanaume walitazama chini. Hakuna aliyelia kwa sauti, na nadhani ndiyo maana iliwaingia.

Kisha nikaomba, kengele ikalia, nikamwita Simeoni kwa jina, na shuka likainuka. Hapo Bhoke alitakiwa kukimbia kama mama, akimbie kwa furaha na mtoto wake wa matambara. Kabla hajapiga hatua, mtu alimpita. Mama Mwita alikuwa ameinuka kutoka kwenye mikeka ya wanawake, kibuyu mkononi. Hakuna aliyemfundisha. Alimfungua Mwita lile shuka, taratibu, mbele za watu wote, kama anamfungua mtoto mchanga, akamwekea kibuyu mdomoni. "Kunywa kwanza," akamwambia. Mwita hakujua kama ni mchezo au ni nyumbani. Akanywa. Alipotoa mdomo alikuwa na masharubu meupe, na umati ule, sijawahi kusikia tena kelele ya furaha kama ile. Vigelegele vilivuka bonde. Ng'ambo wakaja mbio kuuliza kuna harusi ya nani. Bhoke alibaki amesimama katikati. "Nimeachishwa kazi," akasema, "na mtu ambaye hajahudhuria mazoezi hata siku moja."

Kuanzia siku ile mchezo haukwenda bila Mama Mwita. Kiangazi kilipofika tuliupeleka Ikoma, tukaupeleka Mugumu, mwisho Tarime mjini. Kila mahali alikuja na kibuyu chake amekikumbatia juu ya lori. Mwalimu alimwambia, mama, tunaweza kutumia kibuyu kitupu, watu hawataona. Alimtazama kwa huruma. "Mwanangu afufuke kwa kibuyu kitupu?" Ikoma alikwenda kuomba maziwa nyumba ya watu asiowajua, akarudi na maziwa na mwenye nyumba na jamaa zake wote. Tarime mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa asili ya pwani, alitupatia ghala lake na kutuwashia karabai yake mwenyewe. Mkewe alikaa mbele kabisa, na nilipofika kwenye zizi niliona anafunika uso kwa kanga. Baadaye alinijia nyuma ya magunia. "Mwanangu, sisi hatuna ng'ombe. Sasa mbona mlango ulioushika ni wangu?" Usiku ule nililala usingizi mtamu juu ya magunia ya mahindi, nikijua kwamba ile sauti haikuchukuliwa. Mlango nilioomba nilionyeshwa, nao ulikuwa mlango wa zizi.

Tangu hapo nimeimba michezo mingi. Niliimba nikiwa mchumba, niliimba na mimba, niliimba Neema akiwa mgongoni ananivuta kilemba. Mume wangu, Mungu ambariki, alikuwa anasema ameoa wanawake wengi kwa ng'ombe wa mmoja: leo mjane, kesho malkia, keshokutwa mama mkwe mchawi. Watu walikuja kunitaka niende miji mikubwa, nikawaambia Pasaka iko huku. Mwita naye aliendelea kufa kila mwaka mpaka tumbo lake likawa kubwa na wabebaji wakalalamika. Sikumlilia hata mara moja. Palipotakiwa kilio niliweka kitu kingine, na katika kutafuta hicho kitu kingine ndimo nilimojifunza kazi yangu yote.

Basi, nilifika Nyansurura mvua imekatika. Boma limejaa. Bhoke, bibi mzima sasa, alinipokea kikapu akanikumbatia bila utani wowote, nikajua ni kweli. Mama Mwita alikuwa ameketi karibu na jeneza, mdogo, amekwisha, macho yenye ukungu. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama." "Marahaba. Umechelewa." "Ni mvua, mama." Akatafuta kidole changu, akakipata. "Walisema angekufa kabla ya mavuno. Ona, ameacha watoto, ameacha mjukuu. Ulinitii?" "Nilikutii." Akakipapasa kile kidole, kama mtu anayekagua kitu alichoweka darini siku nyingi kabla ya kukitoa. "Haya," akasema. "Leo mwili ni wake, na jina ni lake. Lia."

Nikasimama, nikaweka mkono kichwani, nikafungua koo. Sikujua kama sauti bado ipo. Ilikuwepo. Ilikwenda ikagonga kilima ikarudi, na wanawake wakaanza kutoka bondeni kama siku ile, nguo zimefungwa kiunoni, wakiitikia, na safari hii hawakuwa wamekosea. Nilimlilia Mwita kwa miaka yote niliyokuwa sikumlilia. Nilipomaliza nilijikuta nalitazama lile shuka juu ya jeneza, nangoja litingishike. Mazoea. Halikutingishika, wala sikumwita. Namwachia Yule mwenye kuita kuliko mimi, na najua ataitikiwa, hata kama Mwita atamwambia asubiri amalizie ugali.

Kitu kikanigusa mkono. Mama Mwita alikuwa amesimama, sijui alisimamaje, na kibuyu chake kile kile, kimeng'aa kwa kushikwa. Watu wakampisha. Alikipandisha mpaka mdomoni kwangu, maziwa yakanimwagikia shingoni.

"Kunywa kwanza," akaniambia.